Uliza Mwalimu: Dunia inazunguka, na anga la Mombasa linatuonyesha

Tangu gazeti hili lichapishe picha ya jua likichomoza Nyali, barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kama kinachokwenda ni dunia, mbona macho yetu yanaona jua na nyota ndivyo vinavyokwenda? Nimeamua ukurasa wote wa mwezi huu uwe wa swali hilo. Ninalo dukuduku langu. Vitabu nilivyofundishia jiografia viliandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, na michoro yake ilikuwa ya anga la kwao, nyota zikizunguka duara juu ya vichwa vyao usiku kucha. Mtoto wa Mombasa akitoka nje usiku haoni duara hilo, akadhani hajui kutazama. Anajua sana. Anga letu ni jingine, nalo, mimi naamini, linaonyesha mzunguko wa dunia waziwazi kuliko lile la vitabuni.

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko gredi ya sita. Amerudi shuleni na habari kwamba dunia inazunguka kwa kasi kuliko ndege. Akaniuliza, mbona hatupepesuki? Mbona chai haimwagiki? Nilikosa la kumjibu."
Mama wa Likoni

Marahaba mwanangu. Wewe ni mtu wa Likoni, basi jibu unalipanda kila siku. Feri ikishashika mwendo katikati ya mkondo, fumba macho. Utasikia mtetemo wa injini tu. Muuza njugu anapita na sinia yake kichwani wala haidondoki hata moja. Utakachohisi ni feri inapong'oa, na inapogusa ng'ambo, watu wote wakayumba kwa pamoja. Mwili hauhisi mwendo uliotulia, unahisi mwendo unapobadilika. Dunia haing'oi wala haifungi breki, na bahari, hewa tunayovuta na hiyo chai kikombeni vyote vinakwenda nayo sawia.

Kuhusu kasi, mtoto kasema kweli. Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kilomita 40,075, nayo inajizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 24 kamili. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo hapa tunapelekwa mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Ndege ya abiria huenda kama 900.

Sasa ukiwa kwenye feri hiyo hiyo fumbua macho, utazame pwani unayoiacha. Majengo yanarudi nyuma, na unajua kwamba hayakuondoka. Mwaka 499 mwanahisabati wa Bara Hindi, Aryabhata, aliandika mfano huu huu: mtu aliye chomboni akienda mbele huona vitu vilivyosimama vinarudi nyuma, na hivyo ndivyo nyota zilizotulia zinavyoonekana kwenda moja kwa moja magharibi kwa mtu aliye Lanka. Aliichagua Lanka kwa sababu wataalamu wa kwao waliihesabu kuwa kwenye Ikweta, ambako nyota haziendi upande. Zinapanda wima na kushuka wima. Sisi tuko jirani kabisa na mahali hapo alipopafikiria.

Na kama mtoto atataka ushahidi usiohitaji nyota, mwambie habari za Léon Foucault. Mwaka 1851, katika jengo la Panthéon mjini Paris, alining'iniza tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67, akaliachia libembee. Kadiri saa zilivyopita, mstari wa kubembea kwake uligeuka polepole mbele ya watu, kwa sababu sakafu chini yake ilikuwa ikigeuzwa na dunia. Paris mstari huo hutimiza duara kwa saa 32 hivi. Tungelining'iniza Mombasa, lingechukua kama siku 14, na kwenye Ikweta yenyewe lisingegeuka kabisa. Kwa njia hiyo Mombasa si mahali pazuri pa kuithibitisha dunia. Kwa nyota ndipo hapana mfano wake.

"Mwalimu, mimi ni bawabu wa usiku huko Nyali. Kuna nyota moja nyekundu upande wa kusini. Mwanzoni mwa Juni ilikuwa ikifika juu ya tangi la maji la jirani saa sita usiku. Mwanzoni mwa Julai ikafika hapo hapo saa nne. Sasa ni Agosti, nikiingia kazini saa mbili naikuta imeshafika. Saa yangu haina kasoro, nimeilinganisha na ya redio. Je, nyota inakimbia?"
Bawabu, Nyali

Nimeisoma barua hii mara nyingi kwa furaha. Ndugu yangu, wewe na tangi hilo mmefanya kazi ya kituo cha kuchunguzia nyota. Umetazama kutoka mahali pamoja, ukachagua alama isiyosogea, ukashika saa. Hakuna zaidi ya hayo.

Nyota yako ni ile kubwa iliyo katikati ya kundi la Nge, ambayo wataalamu huiita Antares. Haikimbii. Jambo ni kwamba dunia ina safari mbili kwa wakati mmoja. Inajizungusha kwenye mhimili wake, na papo hapo inalizunguka jua. Ukiipima kwa nyota, dunia hutimiza mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini katika muda huo imeshasogea mbele kidogo kwenye njia yake ya kulizunguka jua, karibu digrii 1, hivyo ili jua lirudi pale lilipokuwa jana dunia lazima ijizungushe digrii 1 ya ziada. Dunia hugeuka digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Ongeza dakika hizo, unapata saa 24 za saa yako ya mkononi.

Kwa hiyo saa yako inafuata jua, na nyota yako inafuata mzunguko halisi wa dunia. Kila usiku nyota inaitangulia saa kwa dakika 4. Baada ya siku 30 ni dakika 120, yaani zile saa mbili ulizoziona kati ya Juni na Julai, na tena kati ya Julai na Agosti. Ukiendelea hivyo miezi 12 unapata saa 24 kamili, na Juni ijayo utaikuta juu ya tangi saa sita usiku kama mwaka huu. Tena kuna jambo hapa ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilikatalia kabisa mpaka nilipowahesabia ubaoni: katika mwaka mmoja tunaona jua likichomoza mara 365, lakini dunia imejizungusha mara 366. Mzunguko mmoja umemezwa na ile safari ya kulizunguka jua.

Wazee wetu walizijua dakika hizi nne bila saa ya mkononi. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, wakulima wa mwambao walikifuata mwaka mzima, na msemo wao tunao hadi leo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tazama mwaka huu unaokuja. Mwezi wa Novemba kinachomoza mashariki jua linapotua. Machi kimeshahamia upande wa magharibi mwanzoni mwa usiku. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yameshika, kinazama nyuma tu ya jua, na Mei hukioni kabisa, kwa kuwa kimekaa upande mmoja na jua mchana kutwa. Juni kinazuka tena alfajiri upande wa mashariki. Mwenye shamba hakuhitaji kalenda ya ukutani kujua masika yanaishia wapi.

Ombi langu kwako: ukipata daftari, andika tarehe na saa kila nyota hiyo inapofika juu ya tangi, hadi itakapopotea kwenye mwanga wa jioni. Niletee, nitaichapisha hapa.

"Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mzee wa Mji wa Kale. Tangu utoto nilidhani adhuhuri ni jua likifika utosini, saa sita. Lakini ratiba ya msikitini huandika saa sita na dakika 36 katikati ya Februari, na saa sita na dakika 5 au 6 mwanzoni mwa Novemba. Jua ni lile lile na Mombasa ni ile ile. Nusu saa nzima inakwenda wapi?"
Mzee wa Mji wa Kale

Waalaykum salaam mzee wangu. Ratiba iko sawa, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni saa zetu wenyewe. Kenya, Uganda na Tanzania zote zinatumia saa moja, iliyopangwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45 Mashariki. Mstari huo unapita karibu na Mogadishu. Jua likiwa juu ya mstari huo, Mombasa, iliyo kwenye digrii 39 na dakika 40 hivi, bado haijafikiwa. Dunia lazima igeuke digrii 5 na theluthi zaidi, na kazi hiyo huchukua dakika 21. Basi kwa wastani mchana wetu wa kweli ni saa sita na dakika 21. Watu wa Kisumu wanangoja dakika 20 nyingine baada yetu, nao saa zao zinasoma sawasawa na zetu.

Sababu ya pili ni kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama digrii 23 na nusu hivi. Mapema Januari tuko karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147, na dunia inakwenda kwa kasi zaidi. Mapema Julai tuko kilomita milioni 152, na mwendo unapungua. Kwa sababu ya mwendo huo usio sawa na ule mwinamo, ile digrii 1 ya ziada niliyomweleza bawabu mara inazidi, mara inapungua. Tofauti zinajilimbikiza siku hata siku, mpaka katikati ya Februari jua linachelewa kwa dakika 14, na mapema Novemba linawahi kwa dakika 16. Hiyo ndiyo nusu saa yako. Inahamisha pia kuchomoza na kutua. Mombasa urefu wa mchana hubadilika kidogo mno, kama dakika 28 tu kati ya Juni na Desemba, lakini jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili kamili mapema Novemba, na katikati ya Februari hungoja karibu nusu saa zaidi.

Jambo hili unaweza kulishika kwa mkono. Mimi hulifanya darini. Ndoo ya mchanga, mpini wa ufagio uliosimamishwa wima (upime kwa uzi wenye jiwe), na kipande cha mkaa. Kuanzia saa sita kamili tia alama ya mkaa sakafuni kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Utaona kivuli kinafupika, kisha kwa muda hakifupiki tena, kinateleza tu upande kuelekea mashariki, kisha kinaanza kurefuka. Alama iliyo karibu zaidi na ndoo ndiyo adhuhuri yako, na mstari kutoka ndoo hadi alama hiyo ni kaskazini na kusini halisi, kuliko dira yoyote ya dukani.

Na hapa, mzee wangu, Mombasa imejaliwa jambo ambalo miji mingi haina. Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39.8, karibu sawa na sisi. Ni kilomita 2,800 hivi kaskazini mwetu, na kibla chetu kinaachana na kaskazini halisi kwa kama theluthi moja ya digrii tu. Jua linapofika kati Mombasa, linafika kati Makka ndani ya dakika hiyo hiyo. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Kaaba yenyewe (mwaka mrefu huwa siku moja kabla). Miji mingine inazisubiri siku mbili hizo kusahihisha kibla. Kwa Mombasa, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, kila siku jua likifika kati limesimama upande wa kibla. Tazama kivuli, usilitazame jua, na kibla kiko upande kinyume na kivuli.

Kuna pia siku mbili ambazo kivuli hakipo. Karibu na tarehe 10 Machi, saa sita na dakika 31, na karibu na tarehe 3 Oktoba, saa sita na dakika 10, jua liko utosini mwa Mombasa barabara, na ule mpini unasimama bila kivuli. Oktoba si mbali. Waiteni watoto.

"Mwalimu, binti yangu anasoma London. Juni alinipigia simu saa nne usiku kwao, akaniambia bado kuna mwangaza. Sisi huku tukimaliza swala ya magharibi na kukaa kidogo, giza. Tena anasema ameonyeshwa nyota ya Jaa isiyosogea. Mbona mimi sijawahi kuiona?"
Mama mtu, Tudor

Maswali yako mawili, dada yangu, yana jibu moja. Uvute mhimili wa dunia kwa fikira hadi angani, pande zote mbili. Unagonga sehemu mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na anga lote linaonekana kuzunguka sehemu hizo. Jaa imetokea kukaa karibu kabisa na ile ya kaskazini, haifiki hata digrii 1, ndiyo maana inaonekana imetulia. Kimo cha sehemu hiyo juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. London ni digrii 51 na nusu, basi Jaa imepanda zaidi ya nusu ya njia ya kufika utosini, na nyota za karibu yake zinazunguka bila kutua. Mombasa ni digrii 4 kusini, kwa hiyo Jaa iko digrii 4 chini ya upeo. Imezibwa na dunia yenyewe.

Marehemu baba alikuwa baharia wa majahazi ya kwenda Arabuni kwa upepo wa kusi. Alitueleza kwamba Jaa huiona baada ya kuivuka Ikweta, kwanza chini kabisa kwenye ukungu wa upeo, kisha inapanda. Kila kilomita 111 kwenda kaskazini inapanda digrii 1, na ukifika Maskati iko juu digrii 23 na ushee. Manahodha wa zamani, zama za Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, walikipima kimo hicho kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, wakikihesabu kwa vidole. Jaa ilipozama kwa waliokuja kusini, walipima Farkadani na Naashi, nyota za Dubu Mdogo na Dubu Mkubwa, mradi tu wapate latitudo.

Sisi tunayo sehemu ya kusini, kimo cha digrii 4 tu juu ya bahari, lakini haina nyota ya kung'aa. Nenda Mama Ngina Drive katikati ya Mei, saa tatu na robo usiku. Msalaba wa Kusini utakuwa umesimama wima mbele yako upande wa kusini, na ukiurefusha mti wake mrefu kwenda chini mara nne na nusu, unafika hapo. Huo Msalaba binti yako hauoni London hata akeshe mwaka mzima. Wewe, kwa sababu sehemu zote mbili ziko karibu na upeo, mwaka ukizunguka unaona karibu kila nyota ya kaskazini na ya kusini. Naitamani siku ambayo watoto wetu watafundishwa hivyo kwanza, na Jaa ya London baadaye.

Kuhusu giza: kwetu jua linashuka wima. Sahani yake yote inazama kwa dakika 2 hivi, na baada ya dakika 20 na ushee limeshafika digrii 6 chini ya upeo, huoni tena kusoma nje. Isha inaingia kama dakika 70 baada ya magharibi. London jua linashuka kimshazari, linajikokota chini ya upeo, na mwezi wa Juni halifiki digrii 18 chini usiku wote, basi giza kamili haliingii.

"Nilipokuwa Nanyuki nilionyeshwa maji kwenye karai lenye tundu. Hatua chache kaskazini mwa Ikweta yanazunguka hivi, hatua chache kusini yanazunguka vile. Ni mzunguko wa dunia?"
Kijana wa Kongowea

Hapana, mwanangu. Nguvu ya mzunguko wa dunia ya kupinda vitu vinavyokwenda ni sifuri kwenye Ikweta, na hatua chache pembeni yake ni ndogo mno kwa karai. Maji yanafuata jinsi yalivyomiminwa na mshikaji alivyogeuka. Mwaka 1962 Ascher Shapiro alilifanya jaribio hilo kwa haki huko Massachusetts, digrii 42 kaskazini: tangi la upana wa mita 1.8, maji yakaachwa yatulie saa 24, ndipo mzibo ukavutwa. Hapo yalizunguka kinyume na saa. Ukitaka kuiona nguvu hiyo kwetu, itazame kwa ukubwa. Kusi linatujia kutoka kusini mashariki, likishavuka Ikweta linapinda na kuingia India likitokea kusini magharibi. Na vimbunga haviumbiki karibu na Ikweta kwa kuwa kani hiyo ni hafifu. Hidaya, Mei 2024, kiliipiga Mafia na pwani ya Tanzania, kusini yetu.

"Je, ni kweli Waitaliano walikuja kurusha roketi Ngomeni kwa sababu ya mzunguko wa dunia?"
Msomaji, Malindi

Ni kweli, na Wakenya tungepaswa kulitaja zaidi. Chombo cha kuizunguka dunia kinahitaji kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa. Ukikirusha kuelekea mashariki karibu na Ikweta, dunia imeshakupa zile 1,670 bure. Pia kinaingia kwenye njia iliyo juu ya Ikweta bila kuchoma mafuta mengi kukigeuza. Profesa Luigi Broglio alichagua bahari ya Ngomeni, digrii 3 kusini, ambako mbele yako mashariki ni maji matupu, hakuna mji wa kuangukiwa. Chombo cha kwanza cha kuizunguka dunia kutoka jukwaa lao la baharini, San Marco, kiliruka Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru, kiliruka chombo cha Marekani cha kupima miale ya eksirei kutoka angani, nacho kikapewa jina Uhuru. Kilikuwa cha kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake.

"Mimi ni mvuvi. Maji yanachelewa karibu saa nzima kila siku. Na nimesikia siku zinarefuka. Yana uhusiano?"
Mvuvi, Mtwapa

Yana uhusiano mkubwa. Dunia inazunguka chini ya maji yaliyovutwa na mwezi, lakini mwezi nao unasogea mashariki digrii 12 au 13 kila siku, na dunia inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Ndio ucheleweshaji wako. Siku za bamvua, maji ya Mombasa yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, wingi huo wote wa maji unasuguana na sakafu ya bahari na mwambao, na msuguano unaipunguza dunia kasi. Siku inarefuka kwa milisekunde 2 hivi kila karne, na mwezi unatutoroka sentimita 3.8 kwa mwaka.

Ushahidi uko kwenye matumbawe. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari myembamba ya ukuaji kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, ya miaka karibu milioni 400 iliyopita, akapata mistari kama 400 kwa mwaka mmoja. Mwaka ulikuwa na siku 400, na kila siku ilikuwa na saa 22 hivi.

Kwa sababu dunia haishiki saa kama mitambo ya atomi, tangu 1972 wataalamu wameongeza sekunde 27 kwenye saa za ulimwengu. Ya mwisho iliongezwa mwisho wa mwaka 2016. Hapa kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, kabla tu ya saa tisa, na dakika hiyo ikawa na sekunde 61. Miaka ya karibuni dunia imeongeza mwendo kidogo, hakuna sekunde nyingine iliyohitajika, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuuacha utaratibu huo ifikapo 2035.